Mtoto wa fundi asinyimwe "kwa nini" ya Thales

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba kijana anayekwenda kujifunza ufundi asisumbuliwe na jometri ya Wagiriki. Alisema apewe kanuni, apewe nyundo, basi. Mambo ya kuthibitisha waachiwe wanaokwenda chuo kikuu. Barua ile nimeisoma mara tatu. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu ipo Makorora hapa Tanga, na randa nimeishika tangu mwaka 1987. Jibu langu ni ubao mmoja uliokwenda kombo, na Mgiriki mmoja wa kale, Thales, aliyedai sababu ya vitu.

Niwaeleze kwanza wasomaji kazi yenyewe. Mteja anakuletea ubao wa duara umeshakatwa kiwandani, umepigwa msasa, unang'aa, lakini katikati hauna alama yoyote. Wewe unatakiwa utoboe tundu katikati barabara. Kati utaipataje? Wengi hukisia kwa futi: wanapima huku, wanapima kule, mpaka macho yaridhike. Fundi aliyenifundisha hakuwa akikisia. Alikuwa akichukua skwea, ile ya chuma yenye mikono miwili, mmoja sentimeta 60 na mwingine 40, anailaza juu ya ubao hadi kona yake ya nje iguse ukingo wa duara. Mikono ile inakata ukingo mahali pawili. Anatia alama ya penseli pale na pale, anaziunga kwa mstari. Kisha anaihamishia kona ya skwea sehemu nyingine ya ukingo, anarudia vilevile. Mistari miwili inapopishana ndipo kati ilipo. Dakika moja, hata chai haijapoa.

Nilikuwa na miaka 17 nilipomwona akifanya hivyo mara ya kwanza, nikadhani ni mazingaombwe. Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini inatokea kati?" Akanijibu, "Ndivyo ifanywavyo, mwanangu." Siku nyingine nikamuuliza tena, akaniambia nichukue ufagio nifagie maranda. Hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Naye aliambiwa hivyohivyo na aliyemfundisha, na huyo na wake. Nami nikaifanya hivyo miaka karibu 30, na kila mara ikanitii.

Mwaka 2016 nikapata kazi ya hoteli moja. Walitaka ubao wa kuzunguka wa kuwekwa katikati ya meza ya chakula, ili mtu aliyekaa upande wa pili auzungushe kidogo mchuzi umfikie. Ubao wa mninga safi, kipenyo sentimeta 60, wameuleta wenyewe. Nikalaza skwea, nikachora mistari yangu miwili, nikatoboa, nikafunga bearingi, nikapaka vanishi mikono minne. Nilipouzungusha mbele ya mteja, ukingo ukawa unakwenda na kurudi kama mlevi. Tundu lilikuwa nje ya kati kwa sentimeta moja na nusu. Upande mmoja unapita karibu na sahani, ukigeuka upande wa pili unazigonga. Mteja hakusema neno. Aliniangalia tu, akatoka nje kupiga simu. Ubao nikaulipa mimi.

Usiku ule sikulala. Nilijua nimefuata kila hatua. Nikarudi karakana alfajiri nikachora upya, ikatoka palepale. Njia ya mzee wangu, iliyonilisha mimi na wanangu, ilikuwa imenisaliti, na mimi sikuwa na pa kuanzia kuuliza, kwa sababu sikujua inafanyaje kazi hata ilipokuwa ikifanya kazi.

Aliyenitoa kizani ni binti yangu, wakati ule yuko kidato cha tatu. Aliniletea uji akanikuta nimeinamia ule ubao. Nikamweleza. Akasema, "Baba, mbona hii tunayo darasani." Akaenda kuleta daftari. Lote Kiingereza. Nikamwambia mwanangu, hilo weka, chukua chaki uniambie kwa Kiswahili.

Akachora duara sakafuni. Akapitisha kipenyo, ncha moja akaiita A, nyingine B, katikati akaandika K. Halafu akachagua nukta yoyote juu ya ukingo, akaiita P, akaiunga na A na B. "Hii pembe ya hapa P," akasema, "lazima iwe nyuzi 90." Nikasema kwa nini. Hakuniambia nikafagie. Akavuta mstari kutoka K mpaka P. "Sasa tazama, baba. K mpaka A, K mpaka B, K mpaka P, zote ni nusu kipenyo, zote sawa. Kwa hiyo umepata pembetatu mbili, na kila moja ni pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili sawa. Pembetatu pacha pembe zake mbili za chini ni sawa. Basi kipande hiki cha pembe ya P ni sawa na pembe ya A, na kipande hiki kingine ni sawa na pembe ya B. Kwa hiyo P peke yake ni sawa na A na B zikijumlishwa. Na zote tatu pamoja ni 180. P imechukua nusu. Nusu ya 180?"

Nikasema tisini, na nywele zikanisimama.

Lakini fundi haridhiki haraka. Nikamwambia: wewe umeanza na kipenyo ukapata pembe. Mimi naanza na pembe, skwea, natafuta kipenyo. Una hakika njia inakwenda pande zote mbili? Akanyamaza, akajikuna kwa chaki. Na hapo, ndugu Mhariri, nilichangia mimi. Nilitazama ile pembetatu yenye kona ya skwea, nikaona nusu ya fremu ya mlango. Kila seremala anajua: fremu ikiwa imekaa mraba, ulalo wake huu, yaani mstari wa kona kwa kona, na ulalo ule ni sawa, na zinapopishana zinakatana nusu kwa nusu. Hivyo ndivyo tunavyokagua fremu kabla ya kuipiga misumari. Basi mahali zinapopishana pako mbali sawasawa na kona zote nne. Kona tatu kati ya hizo ziko juu ya ukingo wa duara. Na mahali palipo mbali sawasawa na nukta tatu za ukingo ni mahali pamoja tu, katikati ya duara. Kwa hiyo mstari wa skwea hauna ujanja, utapita kati. Binti yangu akapiga makofi. Miaka 29 nimebeba nusu ya jibu mkononi bila kujua kwamba lina nusu ya pili.

Kosa tulilijua papo hapo. Kama kila kitu kimesimama juu ya nyuzi 90, basi mwenye dhambi ni skwea. Nikaiegemeza kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, nikachora mstari, nikaigeuza uso chini, nikachora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikaachana. Nikakumbuka ilivyodondoka kutoka kwenye benchi ikapiga saruji kwa kona, miezi miwili nyuma. Nyuzi 2 tu zilikuwa zimepotea, jicho halizioni. Kwa duara la sentimeta 60, nyuzi 2 zinausogeza kila mstari sentimeta moja mbali na kati, na mistari miwili ikishirikiana katika uongo inakupa moja na nusu. Tangu siku ile sichori mistari miwili, nachora mitatu. Skwea ikiwa nzima yote mitatu inapita tundu moja la sindano. Ikiwa imepinda, inaacha kijipembetatu pale katikati, kinakwambia simama. Ule mstari wa tatu mzee wangu hakunifundisha. Umetoka ndani ya ile "kwa nini".

Sasa niseme habari za Mgiriki mwenyewe, maana msomaji mwenzetu aliwataja Wagiriki kana kwamba ni watu waliokaa kivulini wakicheza na maneno. Nilitaka kumjua aliyeligundua jambo lile. Nikasoma nilichopata katika maktaba ya mkoa na kwenye simu, na pale Kiingereza kiliponishinda kijana mmoja mwalimu, jirani yangu, alinisomea. Jina linalotajwa ni Thales, mtu wa Miletus, mji wa bandari uliokuwa pwani ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Mto uliomwaga tope miaka na miaka umeisukuma bahari, na leo magofu ya bandari ile yako mbali na maji. Aliishi kati ya karne ya 7 na ya 6 KK. Mwanafalsafa Aristotle anamweka wa kwanza katika wale waliotafuta asili ya vitu vyote. Yeye alisema ni maji. Mwanahistoria Herodotus anaeleza kwamba alitabiri kupatwa kwa jua kulikowafanya Walidia na Wamedi, mataifa mawili ya zamani, waache vita, na wanaanga wa leo wanalihesabu kuwa lile la mwaka 585 KK.

Hakuna andiko lake hata moja lililotufikia. Tunamjua kwa midomo ya wengine, na wengine hao walikuja baadaye sana. Diogenes Laertius, aliyekusanya maisha ya wanafalsafa, anamnukuu mwanamke mwanahistoria aitwaye Pamphila, wa karne ya 1, kwamba Thales alijifunza jometri kwa Wamisri, akawa wa kwanza kuchora pembetatu mraba, yaani yenye pembe moja ya nyuzi 90, ndani ya duara, na akatoa sadaka ya ng'ombe dume. Papo hapo Diogenes anaongeza kwamba wako wanaosema ni Pythagoras. Mimi siwezi kuamua kesi ya miaka zaidi ya 2,500. Lakini ng'ombe namwelewa. Asubuhi ile sakafuni kwangu, ningekuwa naye ningemchinja.

Mwingine anayemtaja ni mwanafalsafa Proclus, wa karne ya 5 baada ya Kristo, aliyekuwa akifuata historia ya zamani zaidi iliyoandikwa na Eudemus, mwanafunzi wa Aristotle. Anasema Thales alikwenda Misri kwanza, ndipo akaipeleka elimu hii Ugiriki. Anamhesabia mambo ambayo ukiyasikia utadhani ni ya mtoto: kwamba kipenyo kinaigawa duara nusu kwa nusu, kwamba pembe mbili za chini za pembetatu pacha ni sawa, kwamba mistari miwili ikipishana, pembe zinazotazamana ni sawa. Nani asiyeyaona hayo kwa macho? Hapo ndipo penyewe. Kila mtu alikuwa akiyaona. Thales, wanasema, alikuwa mtu aliyeona kitu kilicho wazi akadai sababu yake. Na mtazame tena daftari la binti yangu: bila ile ya pembetatu pacha, pembe ya P haithibitiki. Mtu aliyefuata alipanda juu ya mabega ya vitu hivyo vidogo. Zaidi ya miaka 200 baadaye, kiasi cha mwaka 300 KK, Euclid aliviweka katika mpango mmoja mjini Alexandria. Ile ya pembetatu pacha ni ya 5 katika kitabu chake cha kwanza, na pembe ya ndani ya nusu duara ni ya 31 katika kitabu cha tatu. Alexandria ni Misri, Afrika hii hii.

Na hapa naomba nitende haki, kwa sababu nimewasikia vijana wakibishana kwamba Wagiriki waliiba kila kitu, na wengine kwamba Waafrika hawakuwa na kitu. Upo mkunjo wa mafunjo uliopo leo katika jumba la makumbusho la Uingereza, ulionakiliwa na mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes kiasi cha mwaka 1550 KK, takriban miaka 1,000 kabla ya Thales. Ndani yake lipo swali la shamba la duara lenye kipenyo 9. Ahmes anasema toa sehemu ya tisa, ambayo ni 1, zinabaki 8. Zidisha 8 kwa 8, shamba lako ni 64. Ukifanya kwa kikokotozi cha leo unapata 63.6. Hebu fikiri! Mtu wa kalamu ya tete na wino, amekosea chini ya sehemu moja ya mia. Babeli nao walikuwa na hesabu zao za duara na pembetatu mraba kwenye vigae vya udongo, za zamani vilevile. Kujua, watu walijua.

Lakini Ahmes anazungumza kama mzee wangu: fanya hivi, kisha hivi, jibu ni hili. Hasemi kwa nini. Naisoma hesabu ile ya 9 na 8 kwa mapenzi makubwa, maana ni sauti ya karakana, sauti ya mtu anayemkabidhi kijana kitu kinachofanya kazi. Kilichoongezwa Miletus, kama wazee hawa wanasema kweli, ni kile kilichokosekana kwangu mwaka 2016.

Msomaji mwenzetu aliuliza pia falsafa itamlisha nani. Swali hilo Thales aliulizwa yeye mwenyewe. Aristotle anasimulia kwamba watu walimsimanga kwa umaskini wake. Yeye, kwa kusoma nyota, akaona mwaka unaokuja zeituni zitazaa sana. Wakati bado ni baridi, hakuna anayewaza mavuno, akatoa arbuni ndogondogo kwa vinu vyote vya kukamulia zeituni vya Miletus na vya kisiwa cha Chios, kwa bei ya chini maana hakuwa na mshindani. Msimu ulipofika kila mtu akataka kinu kwa wakati mmoja, naye akavikodisha kwa bei aliyoitaka. Hadithi hii siishabikii sana, kwa kweli, maana nawafikiria wakulima waliosimama na vikapu vyao mlangoni. Naileta tu kwa sababu msomaji amelitaja tumbo. Mimi tumbo langu liliumia kwa kukosa sababu ya nyuzi 90, na bei yake naikumbuka: ubao mmoja wa mninga, vanishi, siku nne za kazi, na mteja ambaye hakurudi tena.

Basi ninachomwomba msomaji huyo, na walimu wa ufundi wanaosoma gazeti hili, ni kwamba msimpunguzie kijana wa karakana chakula. Yeye ndiye hasa mwenye haja nacho. Mwanafunzi wa chuo kikuu akikosea pembe kwenye karatasi anafuta. Wetu akikosea ametoboa. Chombo chake kitadondoka siku moja, kitapinda, na siku hiyo kanuni aliyoikariri itamdanganya kwa uso mkavu, asijue aanze wapi kuikagua. Na msimfundishe kwa lugha inayomfanya ainame. Uthibitisho ule wote ulisemwa sakafuni kwangu kwa Kiswahili cha nyumbani, na msichana wa kidato cha tatu, uji ukipoa pembeni, na hakuna neno lililopungua. Walimu wanaosema vijana wa ufundi hawana kichwa cha jometri waje wawaone wakikagua fremu kwa ulalo. Kichwa wanacho, tena na mikono imeshatangulia. Kinachohitajika ni mtu wa kuchora duara na kuvuta ule mstari mmoja kutoka K mpaka P.

Binti yangu leo ana kwake. Ule ubao wa mninga sikuuchana kuni. Nimeutundika ukutani juu ya benchi, tundu lake kombo linaonekana, na mistari yangu miwili ya penseli bado ipo upande wa nyuma. Pembeni yake ipo duara aliyonichorea tena binti kwa wino, na herufi zake nne. Kijana akija kwangu kujifunza, siku ya kwanza namteremshia ubao ule, nampa skwea, namwambia atafute kati. Akishaipata, kabla sijamwonyesha randa inakaa wapi, namngoja aulize.

Fundi Seremala,
Makorora, Tanga